Kodi imepanda? Mwongozo kamili kwa mpangaji na mwenye nyumba (Tanzania Bara)

Ile meseji unaijua. "Habari za saizi, kuanzia mwezi ujao kodi ni laki mbili." Imekuja saa tatu usiku, we ulikuwa unalipa laki na nusu, bomba la choo lina miezi minne linavuja na ukimpigia kuhusu bomba hapokei. Sasa hapo watu wengi wanafanya moja kati ya mawili, either anajibu kwa hasira usiku huohuo au ananywea analipa kimyakimya halafu anamlalamikia kila mtu ofisini.

Mimi nimepanga miaka tisa, Sinza na baadae Kimara, na sasa hivi nasimamia vyumba vya familia kule Mbagala baada ya mzee kufariki, kwahiyo nimekaa pande zote mbili na pande zote mbili kuna vituko. Nayoandika hapa ni ya Bara, Zanzibar wana sheria zao za ardhi na nyumba.

Kitu cha kwanza kujua, ili usipoteze nguvu zako bure: hakuna sheria inayosema kodi ya nyumba ya mtu binafsi ikipanda isizidi kiasi fulani. Zamani ilikuwepo, Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya Pango ya 1984, ilikuwa na mabaraza yake ya nyumba na mwenye nyumba hawezi kujipandishia tu anavyojisikia. Ilifutwa 2005. Tangu hapo bei ni mapatano yenu, na kinachowasimamia ni Sheria ya Ardhi (Sura 113, ile ya 1999) kwenye sehemu yake ya upangaji, pamoja na mkataba mliosaini. Ndo maana ukienda serikali ya mtaa kulalamika kwamba elfu hamsini ni nyingi watakuonea huruma tu. Lakini ukienda na hoja kwamba kapandisha KABLA ya muda, au anakutoa bila notisi, hapo una kesi. Ugomvi wa kiasi utashindwa, wa muda na utaratibu unaweza kushinda.

HATUA YA 1: USIJIBU, TAFUTA MKATABA

Yaani usiandike hata "sawa". Neno "sawa" kwenye simu yako linaweza kuja kusomwa kama umekubali. Kama lazima ujibu jibu hivi: "Nimepata ujumbe wako mzee, nitakuja tuongee." Basi.

Halafu tafuta karatasi. Angalia tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, kiasi, na kama kuna kipengele kinachosema kodi itabadilikaje. Utajikuta kwenye moja ya hali hizi:

Bado uko ndani ya muda uliolipia. Ulilipa miezi sita toka Januari na sasa ni Aprili. Hawezi kukuongezea hapo katikati, labda mkataba wenyewe uwe umesema hivyo na we ulisaini. Hata akisema bati zimepanda bei, hata akisema TRA wamemfata. Kodi mpya inaanza muda mpya ukianza, sio kabla. Hili ndo eneo ambalo wapangaji wengi wanaibiwa kwa kutojua tu, anaambiwa "ongezea elfu ishirini kwa miezi iliyobaki" na anaongeza!

Muda umeisha au unaisha wiki hizi. Hapa ana haki ya kuja na bei mpya, na we una haki ya kukataa na kuondoka. Huna haki ya kukaa kwa bei ya zamani milele. Ila kama muda ulishaisha, akakuacha unaendelea kukaa na akawa anapokea kodi ileile, hapo hujawa mvamizi, upangaji umeendelea kwa masharti yaleyale mpaka mmoja wenu atoe notisi.

Hakuna karatasi kabisa. Mlipeana mkono sebuleni kwake na ukapewa funguo. Watu wanadhani hapo mpangaji hana haki, sio kweli. Sheria inachukulia huo ni upangaji wa vipindi, na kipindi kinaangaliwa kwa namna unavyolipa kodi. Unalipa kila mwezi, basi notisi ya kuvunja isipungue mwezi, na ni kwa wote wawili, hata we huwezi kuhama usiku na kirikuu halafu ukasema hukuwa na mkataba. Ushahidi wako ni meseji za M-Pesa, Tigo Pesa (siku hizi Mixx), Airtel Money, daftari la risiti, na majirani. Piga skrinshoti leo, simu zinaibiwa.

HATUA YA 2: PIGA HESABU YA KUHAMA KABLA YA KUTISHIA KUHAMA

Hapa ndo watu wanaumia kwa mdomo wao wenyewe. Unamwambia mama mwenye nyumba "basi nahama", anakwambia karibu, na unakuta hela ya kuhamia huna.

Tuchukue huyu wa laki na nusu anayepandishiwa mpaka laki mbili. Anapata chumba na sebule kwingine kwa laki na sabini. Anaona ameokoa elfu thelathini kwa mwezi. Sasa hesabu: miezi sita mbele ni 1,020,000. Dalali anakula kodi ya mwezi mmoja, 170,000. Kirikuu na vijana wa kubeba, weka 60,000 kama hauendi mbali. Jumla 1,250,000 mkononi kwa siku moja. Akibaki alipo kwa laki mbili, miezi sita ni 1,200,000. Kwahiyo kwa miezi sita ya kwanza kuhama ni hasara, hizo 230,000 za dalali na gari zinarudi kwa elfu thelathini thelathini, mpaka mwezi wa nane ndo unaanza kuona faida. Kama una mpango wa kukaa mwaka au zaidi, hama. Kama unasubiri kuhamia kwako Goba au Chanika mwakani mwanzoni, bora ubaki na ujadiliane. Na hapo sijaweka nauli mpya ya kwenda kazini wala ile mapazia kutotosha madirisha, ambayo wanaohama mara kwa mara mnaijua.

Uliza pia bei za mtaani kwako. Usimuulize dalali peke yake, dalali bei ikipanda na yeye anapanda. Ulizia wapangaji wawili watatu wa nyumba za jirani zenye hali kama yako: maji ndani, choo ndani, LUKU ya peke yako.

HATUA YA 3: NENDA UKAONGEE, KWA MIGUU

Sio kwenye simu. Nenda jioni, shikamoo yako kamili, kaa, subiri chai kama ipo. Wenye nyumba wengi wa uswahilini ni watu wazima, ukimwendea na vifungu vya sheria mdomoni anakuona una dharau na mazungumzo yameisha kabla hayajaanza. Vifungu viweke mfukoni.

Nachofanya mimi nikiwa mpangaji, naenda na vitu vitatu vya kumpa. La kwanza, rekodi yangu: "mzee miaka miwili sijawahi kuchelewa". La pili, orodha ya nilivyotengeneza kwa hela yangu, na hapa ndo utajua umuhimu wa kutunza risiti za fundi. La tatu, ofa: ongezeko dogo, au ongezeko lake lote ila lianze baada ya miezi mitatu, au nakulipa mwaka mzima leo kwa bei ya zamani. Hiyo ya mwisho ina nguvu sana msimu wa ada za shule, mwenye nyumba mwenye watoto wawili sekondari mwezi wa kwanza anahitaji hela ya mkupuo kuliko anavyohitaji elfu ishirini ya kila mwezi. Ila usilipe mwaka bila karatasi. Narudia, usilipe mwaka bila karatasi.

Kuhusu matengenezo: kwa Sheria ya Ardhi, nyumba ya kuishi inatakiwa iwe inafaa kuishi mtu, na pale unapopanga sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu za pamoja ni mzigo wa mwenye nyumba. Wa kwako ni kutunza ndani na kurekebisha ulichoharibu mwenyewe, uchakavu wa kawaida hauhesabiwi. Kwahiyo ile hoja ya "bati linavuja ila kodi inapanda" ni halali kabisa kuiweka mezani, kwa upole. "Mzee nipo tayari kuongeza, ila tuanze na lile bati." Nimeona hii ikifanya kazi mara nyingi kuliko kugoma.

Kukata kodi kufidia matengenezo bila makubaliano usifanye. Hapo utakuwa umejigeuza mdaiwa na yeye ndo mwenye hoja.

HATUA YA 4: MLICHOKUBALIANA KIANDIKWE

Hata karatasi ya daftari. Mfano:

"Leo tarehe 14/6 sisi (jina, mwenye nyumba) na (jina, mpangaji) wa chumba na sebule, nyumba namba ... mtaa wa ..., tumekubaliana kodi kuanzia tarehe 1/9 itakuwa shilingi 175,000 kwa mwezi, italipwa kwa miezi mitatu mitatu. Haitabadilika ndani ya miezi 12. Anayetaka kubadilisha kodi au kusitisha upangaji atatoa notisi ya maandishi ya siku 90. Mwenye nyumba atatengeneza bati la sebuleni kabla ya tarehe 1/9." Sahihi zenu, shahidi mmoja kila upande.

Ukitaka iwe na nguvu zaidi mkataba unalipiwa ushuru wa stempu TRA, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa 175,000 mwaka ni 2,100,000, stempu ni 21,000. Watu wanaidharau mpaka siku wako mbele ya baraza na mkataba usiolipiwa stempu unakataliwa kama ushahidi, ndo mnaanza kukimbizana kuulipia pamoja na faini.

Mtaani utaambiwa upeleke pia nakala kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa akugongee muhuri. Muhuri ule haufanyi mkataba uwe halali, ulikuwa halali tayari, ila kwa mambo ya mtaani shahidi mwenye muhuri ana heshima yake.

HATUA YA 5: AKIANZA FUJO

Umekataa nyongeza ya katikati ya muda, umerudi toka kazini unakuta kufuli juu ya kufuli lako. Au LUKU imezimwa kwenye swichi kuu iliyoko kwake. Au, hii ipo na nimeishuhudia kwa jirani, anaanza kuezua bati "kwa ajili ya ukarabati" na we upo ndani na watoto. Hiyo yote sio notisi. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kukutoa kwa nguvu bila amri ya baraza au mahakama, na amri ikishatoka inatekelezwa na dalali wa mahakama, sio na mpwa wake na rafiki zake.

Fanya hivi. Piga picha na video muda huohuo, saa ionekane. Ita mjumbe na jirani mmoja waje waone, majina yao yaandike. Usivunje kufuli ukiwa peke yako, maana kesho utasikia na yeye alikuwa na milioni mbili kwenye kabati humo ndani. Kama amevunja mlango wako, amechukua au kuharibu vitu, hiyo ni jinai, nenda polisi ukachukue RB. Watajaribu kukwambia hayo ni madai nenda kamalizane na mwenye nyumba wako, we sisitiza kwamba unaripoti mali iliyoharibiwa, sio kodi.

Kwa ugomvi wenyewe wa upangaji ngazi zinaenda hivi. Serikali ya mtaa kwanza, sio lazima kisheria ila mengi yanaishia hapo kwa nusu saa na soda. Halafu Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya 2021 Baraza la Kata halitoi tena hukumu za ardhi, kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa linakupa cheti cha kwamba limeshindwa. Siku 30 zikipita bila usuluhishi unaweza kusonga mbele hata bila cheti. Unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lililoanzishwa chini ya sheria ya mahakama za migogoro ya ardhi ya 2002, na pale ndo unaweza kuomba zuio la muda usitolewe wakati kesi inaendelea. Usiporidhika ni Mahakama Kuu. Kama unachodai ni hela tupu, labda dipoziti yako au kodi uliyolipia mbele, muulize karani kwanza kama upeleke hapo barazani au Mahakama ya Mwanzo, kuliko kufungua sehemu isiyo sahihi na kupoteza miezi.

Wakili ni ghali kuliko kodi yenyewe, tunajua. Wapo wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, huduma yao ni bure, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri au kata wakuelekeze.

SASA UPANDE WA PILI, WENYE NYUMBA

Najua mtasema hapo juu nimewapendelea wapangaji. Haya.

Kupandisha kodi ni haki yako, saruji imepanda, fundi kapanda. Ila pandisha kwa hesabu. Nilipoanza kusimamia vyumba vya Mbagala nilimwongezea kijana mmoja elfu ishirini kwa kishindo, akahama, chumba kikakaa wazi miezi miwili. Kodi ilikuwa laki na nusu, kwahiyo nimepoteza laki tatu kwa kutafuta elfu ishirini, ingenichukua miezi kumi na tano kuirudisha, na aliyekuja baadae analipa kwa kuviziana. Toka hapo napandisha kidogo na naanza kusema mapema.

Utaratibu wangu sasa: miezi mitatu kabla ya muda kuisha natoa barua, ina kodi ya sasa, kodi mpya, tarehe ya kuanza, na tarehe ambayo mpangaji anijibu. Naipeleka mkononi na anasaini nakala yangu, akikataa kusaini naipiga picha naituma pia WhatsApp. Barua ya miezi mitatu inampa nafasi ya kujipanga, na ikitokea anahama nami nina miezi mitatu ya kutafuta mtu.

Mpangaji asiyelipa ni habari nyingine. Usikimbilie kufuli. Mwandikie notisi inayotaja kosa lenyewe (kodi ya mwezi gani mpaka gani, shilingi ngapi) na umpe muda wa kurekebisha, siku 30 ni salama. Asipolipa nenda barazani na nakala ya notisi. Ukianza na kufuli utakuwa umembadilisha mdaiwa wako kuwa mlalamikaji, na utamlipa fidia wakati yeye ndo anadaiwa!

Kuna hii ya kodi ya majengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, kwahiyo anayeingiza umeme ndo anayekatwa, na mara nyingi ni mpangaji. Kodi ile ni ya mwenye jengo. Malizaneni, mpunguzie kwenye pango au mwandikishiane kwamba tayari imehesabiwa humo. Ni hela ndogo ila kero yake inakua mpaka inafika kwenye kodi yenyewe.

Na nyumba za urithi, msimamizi wa mirathi awe mmoja anayejulikana na ndo apokee kodi. Kaka anapokea, shangazi anapokea, mpangaji analipa mara mbili. Mpangaji ukiona nyumba ya marehemu omba kuona barua ya usimamizi kabla hujatoa shilingi.

FREMU ZA BIASHARA

Hapa mambo ni makali kidogo maana mtu ameshajenga jina mahali, na mwenye fremu anajua hilo, akiona foleni dukani kwako tayari anapiga hesabu yake. Kwa fremu usikubali mkataba wa mwaka mmoja kama unaweka hela ya shelfu na mafriji. Omba miaka mitatu, na nyongeza iandikwe humohumo kabisa, mfano "kodi itaongezeka asilimia 5 kila mwaka". Hilo nalo ni ushindi, unajua mwaka wa tatu utalipa ngapi.

Mfanyabiashara unatakiwa kukata asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio na kuipeleka TRA. Ile hela inatoka kwenye pango la mwenye fremu, sio juu yake. Kodi ni milioni moja, unampa laki tisa na ushahidi wa laki moja uliyolipa TRA. Wenye fremu wengi wanasema "mimi nataka milioni yangu kamili", sasa ukikubali jua umepandishiwa kodi kwa mlango wa nyuma, kwahiyo lijadili wakati wa kupanga bei sio wakati wa kulipa.

Na wale wa kutaja pango kwa dola, Masaki na Oysterbay huko na baadhi ya majengo ya Posta: kanuni za Machi 2025 zimepiga marufuku kutoza bei za huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Ukipewa mkataba mpya wa dola rudisha uandikwe kwa shilingi. Pale ambapo kodi ilikuwa inapanda kila dola ikipanda hata kama mwenye nyumba hajaandika barua yoyote, hicho kipengele ndo cha kwanza kufutwa.

UKIAMUA KUHAMA

Toa notisi yako kwa maandishi, kwa muda uleule unaodai na wewe upewe. Siku ya kutoka piga video kila chumba, bomba likiwa limefungwa na taa zikiwa zinawaka, soma uniti zilizobaki kwenye LUKU, lipa bili ya maji na upate risiti yake. Kabidhi funguo mbele ya mtu na aandike "nimepokea funguo 3, nyumba iko salama, namrudishia dipoziti shilingi kadhaa tarehe fulani". Tarehe isiandikwe "nikipata mpangaji mwingine", maana hiyo siku haipo kwenye kalenda.